Mulima Wenye Sauti ya Pwani

Nairobi, 9 Februari 2023

Mama mupenzi,

Uko aje na baridi ya huko? Magoti bado yanakubeba? Ngombe zetu mbili zinakula vizuri? Mimi niko muzima, ninakula, ninalala, usianze kuuliza kama nimekonda. Tangu waangushe antena ya Nyamitaba ninapiga simu kila siku, na ile mashine inaniambia kwa Kifaransa kwamba haupatikane. Njo maana nimerudi kwenye karatasi. Watu wa basi wataifikisha Goma, na pale Kataliko, shofere wa Kavira yule mwanamke wa biashara, amekubali kuipandisha kwako pamoja na sabuni na chumvi za mukubwa wake.

Mama, nimepata kazi, na ninataka ruhusa yako mbele ya kuianza. Hapa wanatengeneza mchezo wa video, wa kuchezea kwenye simu, wote kwa Kiswahili. Ni kama ile watoto wa jirani Verdiane walikuwa wanacheza mpaka anawanyang'anya simu. Ndani yake kuna watu wanaosema, na watu hao wanahitaji sauti. Unasimama ndani ya chumba kidogo kilichozungushiwa magodoro, unasoma karatasi, wanarekodi.

Hadithi yake ni hii. Musichana anachunga ngombe za pembe ndefu mulimani, vita inafika, anashuka na ngombe zake kutafuta mahali pa amani. Njiani kuna daraja, na darajani kuna mwanamke mubaya anayezuia wapitaji. Anawanyang'anya, wengine anawatupa mutoni. Niliposoma nilifurahi sana, nikajiambia, huyu musichana ni mimi mutupu! Milima, maziwa, ukungu wa asubuhi, vyote vya kwetu. Kumbe hapana. Musichana amepewa dada mumoja wa Mombasa, anasema Kiswahili cha pwani, kitamu kweli, huwezi kumuchukia. Mimi wamenipa yule wa darajani. Mukubwa wa studio alinisikiliza kidogo tu, akasema: "Hiyo lafudhi yako ya Masisi usiipunguze hata kidogo. Inatisha."

Sauti hii nimeitoa kwako, Mama. Nikikubali, watoto wa nchi nzima watakuwa wanakimbia ao wanachomoa upanga kila wakisikia mama yangu akiongea. Nikikataa, kazi nyingine sijui nitaipata wapi. Niambie weye.

Binti yako,
Kamaliza


Nyamitaba, 6 Machi 2023

Kamaliza mutoto wangu,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, mimi na wote waliobaki huku. Magoti yananibeba mpaka kanisani, kisha yanagoma kurudi. Ngombe ziko. Verdiane anakusalimia sana, anasema huyo mukubwa wa studio hajasema uongo, hata ukiwa mudogo sauti yako ilikuwa inatisha wakati unalilia maziwa.

Nilicheka barua yako. Kisha nikaacha kucheka. Hebu nieleze vizuri. Huyo musichana alizaliwa mulimani, mama yake wa mulimani, ngombe zake za mulimani. Kusema kama muntu wa pwani alijifunza kwa nani? Samaki njo walimufundisha? Na yule wa darajani, juu ya nini yeye peke yake amerudishiwa mudomo wa kwetu? Uliza hao watu, kisha unijibu. Kama sijasikia sababu, sitoi ruhusa.

Na mimi niko na neno la kukuuliza. Huku si kwa kukaa tena. Bunduki zililia upande wa juu na wa chini, tulilala porini na watoto wa Verdiane, mvua ikatunyeshea yote. Kavira alipokuja kuchukua fromaji, jibini zetu, aliniambia: "Mama, nipe mukono nikutoe." Unamujua Kavira, mama mufanyabiashara wa Butembo, hana maneno mengi. Ako na duka Hombo, kule mpakani mwa jimbo letu, anasema kumetulia. Kamio yake, lile lori la mizigo, inaweza kunipitisha Masisi, Kashebere, Walikale, mpaka kwake.

Lakini kuna bariere, vizuizi vya wenye bunduki barabarani. Pale hawaulizi karatasi. Wanakuambia tu, "Mama, salimia watu." Unasalimia, na mbele ya kumaliza wamekwisha jua umetoka kilima gani. Ndagijimana, mutoto wa muzee Kanamugire, alisalimia, na mupaka leo hajarudi. Mama yake anakaa nje ya nyumba anaangalia barabara.

Mudomo wangu haujui kujificha, Kamaliza. Kubaki ninaogopa, kwenda ninaogopa. Nifanye nini?

Mama yako


Nairobi, 28 Machi 2023

Mama,

Natumaini barua hii imekukuta nyumbani na si porini. Nilisoma ya kwako nikiwa nimesimama mulangoni, nikaisoma tena. Pole kwa muzee Kanamugire. Pole kwa mama Ndagijimana, umufikishie.

Nimeuliza ulichoniagiza. Fundi wa sauti hapa anaitwa Athanase, kwa bahati ni muntu wa Walikale. Alizima mashine akanielezea. Anasema yule dada wa Mombasa hakuwa amekuja kufanya kazi hii. Alikuwa amepita kusalimia watu, wakamuomba asome maneno ya musichana ili wajaribu maikrofoni, wakingoja mwenyewe wa kweli. Masikio yao yakazoea. Mwenyewe wa kweli alipofika, kila muntu akasema hafanani! Hiyo njo sababu ya kwanza, ni ujinga tu, wala hakuna muntu wa kulaumu.

Ya pili haichekeshi. Waliita vijana waujaribu mchezo, wakawasikilizisha musichana akisema kwa mudomo wa milima yetu. Wengi walichomoa upanga hata hajamaliza salamu. Walidhani ni adui. Mchezo unaenda mbio, Mama, mwenye kucheza hana nafasi ya kumujua muntu. Lafudhi inamuambia haraka haraka, huyu ni wa kupenda, huyu ni wa kupiga. Kwa hiyo sauti haifuati mahali muntu ametoka. Inafuata masikio ya yule anayesikiliza, na woga aliokuja nao.

Nilipofika hapo nikafikiria bariere yako, na siku hiyo sikuweza kufanya kazi tena.

Halafu likanijia jambo. Kama hawa wanaweza kumupa muntu wa mulimani sauti ya pwani na watu wakaamini, mimi siwezi kukupa weye sauti ya Butembo? Si njo kazi yangu? Usicheke, Mama, nisikilize.

Usijifunze watu wa Butembo wote, utakuwa kichekesho. Jifunze muntu mumoja, Kavira, unayemujua. Anza na mwili, mudomo utafuata. Akiongea anasimama aje? Mikono anaiweka wapi? Sisi tunavuta neno mwishoni na kuliachilia taratibu. Kavira analikata, anakimbilia lingine, kwa sababu maisha yake yote kuna muteja anangojea nyuma. Basi ukisema, uwe na haraka ya muntu wa duka. Chagua maneno machache tu, salamu, kulalamikia matope, kumugombeza shofere, uyarudie mpaka yakuchoshe. Na usiyarudie ukiwa umekaa bure. Yaseme ukiosha bidoni za maziwa, ukipalilia, ukipanda kilima. Kwenye bariere utakuwa na kazi ya kuogopa, na sauti inatakiwa isimame yenyewe bila kushikiliwa.

Kuhusu mwanamke wa darajani, nimewaambia wangoje. Wamenuna, lakini wanangoja.

Binti yako,
Kamaliza


Nyamitaba, 20 Aprili 2023

Kamaliza mutoto wangu,

Nakusalimia, Mwalimu. Natumaini uko muzima na watu wako wa magodoro.

Mimi ni mwanafunzi mubaya lakini ninajikaza. Kavira alipokuja nilimusalimia kwa sauti yake mwenyewe. Alishika mbavu, akakalia gunia, akalia machozi ya kucheka. Akasema, "Mama, mimi niko vile?" Nikamuambia, uko vile kabisa, hata ukikohoa uko na haraka. Sasa kila akija ananirekebisha. Mikono iko kiunoni. Kichwa hakiinami. Nikisahau, nikivuta neno, ananipiga mugongoni na kitambaa. Kwenye safari nitakuwa mama mukubwa wake, dada ya mama yake, na jina langu ni Adrienne. Ninaliitikia sasa hata bila kufikiri.

Nikueleze mambo mawili yanayonichoma. Jumapili nilisali Baba Yetu, na katikati nikasikia ninasali kwa sauti ya Kavira. Sikupenda, ilikuja yenyewe. Nikajiuliza kama Mungu amenitambua. Na jingine ni Verdiane. Mwanzoni nikijaribu alikuwa anacheka sana. Sasa ninapoweza vizuri hacheki tena. Juzi aliniangalia, akasema, "Mama Kamaliza, umekwisha ondoka." Nikamukumbatia.

Ngombe ninamuachia yeye. Tunaondoka juma linalokuja, barabara ikikauka kidogo. Barua yako ifuatayo uitume Hombo, kwa duka la Kavira. Uniombee, usiku na mchana.

Mama yako


Nairobi, 15 Mei 2023

Mama,

Uko wapi? Samahani, sikukusalimia. Natumaini uko Hombo, umevua viatu, unalalamikia joto.

Ninaandika bila kuwa na jibu lako, na hivyo sina cha kukuambia. Athanase anajua barabara ya Kashebere, nilimuomba asinielezee. Mukubwa wa studio ananiuliza kila asubuhi kuhusu mwanamke wa darajani. Ninamujibu, "Bado." Nilijaribu mara moja, nikasimama mbele ya maikrofoni, nikafungua mudomo kumuzuia mupitaji, na nikaona mupitaji ni weye. Nikatoka nje.

Nijibu hata na mustari mumoja. Hata ukinigombeza.

Binti yako,
Kamaliza


Hombo, 18 Juni 2023

Kamaliza mutoto wangu,

Nilifika. Vuta pumzi mbele, kisha usome.

Ninakusalimia nikiwa muzima, miguu bado imevimba kidogo na barabara ya kamio. Hapa iko rezo, simu zinashika, na namba ya duka nimeiandika nyuma ya karatasi hii, lakini habari hii haisemeki mbele ya wateja. Nilikuwa sipati nguvu ya kuiandika.

Bariere ya kwanza tulipita. Ya pili tulipita. Nilisalimia, nikalalamikia matope, nikamugombeza Kataliko kwamba anatuchelewesha, masikini, akashusha kichwa kama kweli. Muntu mwenye bunduki aliniita Mama wa Butembo, akaniomba sabuni. Ungekuwa hapo ungenipigia makofi.

Iliyofuata ilikuwa mbele kidogo ya Kashebere, ni asubuhi. Pembeni walikuwa wamefunga ngombe waliyonyang'anya watu. Ndama yake walikwisha kula, ngozi inakauka pale pale mbele ya macho yake. Kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, na ile ngombe inalia. Mumoja alikuwa anajaribu kuikamua, anavuta kama anayevuta kamba, inamupiga teke, wenzake wanacheka. Kamaliza, nilijua. Nilijua kabisa mimi ni Adrienne na niko ndani ya kamio. Nilishika kiti na mikono miwili. Lakini unajua kwetu, ngombe iliyofiwa haupiti kimya, unaipa pole. Nikasikia muntu anaisemesha, pole pole, kwa maneno ya kwetu na kuvuta kwa kwetu kote. Nikaangalia, kumbe ni mimi. Nilikwisha shuka, mukono wangu uko kwenye shingo yake.

Kicheko kikakatika. Mumoja akauliza, "Mama wa Butembo alijifunzia wapi ngombe?" Kavira akajibu kutoka juu ya kamio, "Aliolewa kule." Yule akasema, "Aliolewa ao alizaliwa?" Na mimi maneno yote ya duka yalinikimbia.

Komanda wao akatoka, muntu mukubwa, sauti ya kukwaruza, anagomba kwa Lingala. Akasema niikamue mbele, mengine yatafuata. Akawatuma wenzake kupekua kamio. Yeye akashika kichwa cha ngombe, mimi nikachuchumaa. Ilikataa, nikaiomba, ikakataa, kisha ikaachilia maziwa. Na yule komanda akashusha pumzi, akaiambia ile ngombe neno moja dogo, lile tunaloambia ngombe ikikubali. Lilitoka na kuvuta kwa kwetu. Si Nyamitaba yenyewe, ni ng'ambo ya kilima. Sasa mimi ni fundi, haunidanganyi.

Alijisikia akilisema. Akaona nimemusikia. Tukaangaliana juu ya mugongo wa ngombe. Mimi nilikuwa ninamuogopa yeye, na sasa yeye alikuwa ananiogopa mimi, kwa maana kama wale wenzake wangejua alikozaliwa, asingeona jioni. Sijui alifikaje kwao. Sijui alifanya nini kubaki. Sikutaka kujua.

Nikasimama, nikaweka mikono kiunoni, na sauti ya Kavira ikarudi yenyewe. Nikasema, "Komanda, ngombe yenu imetulia, mutupishe basi, barabara iko mubaya." Akajibu kwa ile sauti ya kukwaruza, kwa nguvu, wote wasikie, "Huyu mama ninamujua, iko wa Butembo kweli, alikuwa anauza karibu na soko. Inueni bariere!" Wakainua. Kavira akamuambia Kataliko asisimame mpaka Walikale.

Ruhusa uliyoomba ninakupa. Mufanye yule mwanamke wa darajani. Lakini usimufanye wa kutisha tu. Ndani yake kuna muntu mwingine amemuficha, na anaogopa wasimusikie. Utajua weye namna.

Mama yako


Nairobi, 10 Julai 2023

Mama mupenzi,

Asante kwa Mungu, asante kwa Kavira, asante kwa ile ngombe. Niliisomea barua yako chooni, kwa sababu mahali pengine kulikuwa na watu. Miguu imepunguza kuvimba?

Nimemurekodi mwanamke wa darajani. Nilimupa sauti ya kukwaruza, isiyojulikana imetoka wapi, hiyo njo anaitumia kwa wapitaji. Kisha nikaomba awe na ngombe, imefungwa nyuma ya daraja. Mukubwa wa studio akasema wachezaji watachanganyikiwa, hawatajua kama ni wa kupiga ao hapana. Athanase akamuambia, "Waache wachanganyikiwe kidogo, hawatakufa." Wakabishana asubuhi nzima. Mwishoni wakakubaliana hivi. Mwenye kucheza akichomoa upanga, hasikii kitu. Akisimama bila kupiga, akangoja, yule mwanamke anageuka, anaisemesha ngombe yake kwa sauti yako. Athanase anasema wengi hawatangoja. Mimi nasema watakaongoja wanatosha.

Sasa jambo jingine, ninaliandika kwa sababu nilishindwa kulisema. Juzi nilipiga ile namba ya duka. Mwanamke akapokea haraka, "Allo, Mama Adrienne anasema, unataka nini?" Nikamuambia samahani, nimekosea namba, nikakata. Nikapika chai. Chai ilipochemka njo nikakumbuka Adrienne ni nani.

Mama, alikuwa weye? Mimi njo nilikufundisha, na mimi njo sikukutambua.

Binti yako,
Kamaliza


Hombo, 1 Agosti 2023

Kamaliza mutoto wangu,

Ninakusalimia sana. Hukukosea namba. Mimi nilikutambua kwa "samahani" peke yake, nikaita jina lako mbele ya wateja wote, lakini ulikuwa umekwisha kata.

Siku ile duka lilikuwa limejaa. Wale wa bariere wanashuka hapa kununua vitu, na wanasikiliza hata wakichagua biskuti. Nilidhani hii sauti nitaivaa dukani na kuivua chumbani. Mwezi wa kwanza niliweza. Sasa hata nikiwa peke yangu, ninaanza neno la kwetu na linajikata mwishoni. Juzi nilijikwaa mulangoni, na hata "yoo, Mama" yangu ilitoka ya Butembo! Kavira anasema ni vizuri, niko salama. Ni kweli, niko salama. Ninamushukuru Mungu na ninalia, yote mawili siku moja.

Usijilaumu hata kidogo. Bila weye, na mimi kuna muntu angekuwa anakaa nje ya nyumba akiangalia barabara, akiningojea.

Lakini nikuambie nilichosikia kwenye ile simu. Ulisema "nimekosea namba," na ulilivuta neno mwishoni, ukaliachilia taratibu, vile mimi nilikuwa ninaliachilia. Miaka yote ya Nairobi haikukunyang'anya. Sikuisikia sauti hiyo tangu nitoke Nyamitaba, na niliisikia kidogo tu, ukakata.

Basi piga tena Jumapili, duka likiwa limefungwa. Nikipokea na sauti ya muntu mwingine, usikate. Na usiningojee niongee. Weye njo uongee. Niambie umekula nini, mvua imenyesha aje, ugombane na mimi, chochote. Mimi nitanyamaza, nisikilize.

Mama yako